Tabasamu Halitozwi



Ndugu msomaji, katika kikao cha mwisho cha muhula uliopita tulibishana mpaka muadhini akatunyamazisha. Mada ilikuwa kazi na furaha. Upande mmoja ulisema Muislamu akiwa kazini awe mtu wa haya na kimya, afanye alichoajiriwa kukifanya, amche Mola wake na aichunge saa yake, kwani mizaha huua moyo. Upande wa pili walikuwa wamesoma vitabu vya biashara. Wao walisema kampuni zilizoendelea zinacheza: zina meza za mpira, zina siku za kuvaa fulana za rangi moja, na watu wake wanazalisha zaidi kwa sababu wamefundishwa kuwa na fikra njema. Mimi nilikaa katikati, wala si kwa busara, ila viti vya pembeni vilikuwa vimejaa. Tangu siku ile nimekuwa nikiliwaza swali ambalo pande zote mbili zililipita bila kuligusa: furaha ya mfanyakazi ni mali ya nani? Je, mwenye kazi anaweza kuidai, kama anavyodai mtu afike saa moja na nusu asubuhi?

Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini. Lakini niwajibu kwanza ndugu zangu wa upande wa kwanza, maana hoja yao ndiyo inayovaa kanzu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), katika Ihya ameyapanga maafa ya ulimi, na mzaha ameuweka wa kumi, baada ya nyimbo na mashairi na kabla ya kejeli. Wenzetu waliishika namba hiyo kama hati ya kiwanja. Lakini Ghazali hakuufunga mlango. Alichokikataa ni mtu kuufanya mzaha kuwa shughuli yake ya kudumu, kisha ajitetee kwamba Mtume (s.a.w) naye alitania. Mtu huyo, anasema, ni kama anayezunguka kutwa nzima na Wazanji akitazama ngoma zao, akishikilia hoja kwamba Bi Aisha (r.a) aliruhusiwa kuwatazama siku ya Idi. Sisi wa ukanda huu tukifika ukurasa huo hatuwezi kujizuia kucheka, maana imamu wa Tus ametupitia nyumbani bila hodi. Hata hivyo anachokisema ni habari ya kiasi, na Hanzala (r.a) alishapewa jibu la kiasi na Mtume mwenyewe pale alipojiona mnafiki kwa kuwachekea watoto wake: aliambiwa kuna saa na saa (Muslim).

Sasa twende Madina, mwaka wa 5 Hijria, yaani 627. Makabila yanakuja kuufuta mji, na kwa shauri la Salman Mfursi (r.a) Waislamu wanachimba handaki. Ni baridi, na chakula hakuna. Jabir (r.a) amesimulia katika Bukhari kwamba walikaa siku tatu bila kuonja kitu, na Mtume (s.a.w) alikuwa amejifunga jiwe tumboni. Kama kuna kazi iliyostahili kufanywa kwa uso uliokunjamana, ni hiyo. Lakini Bara' bin Azib (r.a) anatupa picha nyingine: alimwona Mtume akibeba udongo kwa mikono yake, vumbi limeifunika ngozi ya tumbo lake, huku akighani mashairi ya Abdullah bin Rawaha (r.a), na kila akifika mwisho wa ubeti huinua sauti na kuivuta. Mashairi yale yalikuwa ya bahari ya rajaz, bahari ya wachunga ngamia na watu wanaonyanyua vitu vizito. Kwa lugha ya kwetu ulikuwa wimbo wa kazi.

Ibn Hisham ana kisa kingine cha handaki lile lile, na hiki nakipenda kuliko vyote. Alikuwapo mchimbaji aliyeitwa Ju'ayl. Jina hilo linatokana na jina la mdudu anayeviringisha kinyesi. Mtume akambadilisha jina, akamwita Amr. Wachimbaji wenzake wakalitungia shairi badiliko hilo papo hapo, wakawa wanaliimba huku wakichimba, na kila walipofika kwenye jina jipya Mtume naye aliitikia neno hilo la mwisho pamoja nao. Hebu fikiria, mtu ameingia shimoni asubuhi akiwa na jina la mdudu, na jioni anatoka kundi zima likiimba jina lake jema. Ule ulikuwa mchezo mtupu, na hakuna aliyedhalilika.

Kwetu Rumonge wimbo wa namna hii haumshangazi mtu. Mji wetu uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, na watu wake wanaishi kwa vitu viwili, samaki na mawese. Usiku usio na mwezi mitumbwi hutoka magharibi, taa huwashwa juu ya maji, ndagala wakausogelea mwanga, na kabla ya alfajiri nyavu huvutwa. Usiku wa mbalamwezi watu hulala, kwani taa haina nguvu mbele ya mwezi. Kuvuta wavu ni kazi ya mikono mingi yenye mwendo mmoja, na mwendo hushikwa kwa sauti. Anayeanzisha ana uhuru wa kutia humo chochote: tajiri aliye bahili wa mafuta ya taa, fulani aliyelala amesimama, shemeji aliyeahidi sangala na kuleta mkia. Nimemsikia tajiri mmoja, mzee wa msikiti wetu, akiimbwa hivyo akiwa ndani ya mtumbwi wake mwenyewe, naye akajibu kwa ubeti wa kuwasema wao. Kulipokucha waligawana samaki kama walivyopatana, wakaachana wakicheka.

Sauti hizi zina umri ziwani. Aprili 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Ujiji kwa mitumbwi kwenda Uvira, wakipita pwani hii hii ya Urundi. Burton hakuwa mtu wa kupenda watu, na kitabu alichokitoa mwaka 1860 kimejaa dharau. Aliwalalamikia wapiga kasia kwa kelele zao: nyimbo, vibwagizo, mapembe na ngoma kutwa nzima, hata vijana wadogo wakiiga mapembe kwa vinywa. Lakini katika kulalamika kwake aliandika jambo moja ambalo sidhani aliliona uzito wake. Kelele zile, alisema, hazikukatika ila pale hofu ilipowanyamazisha wote. Mgeni aliyeudhika ametuachia kipimo bila kukusudia. Watu wale walikuwa wakipiga kasia siku nzima juani, na hali yao ya kawaida ilikuwa ni kuimba. Kimya kilikuwa habari mbaya.

Nikilisoma hilo pamoja na habari ya handaki, naona furaha ya kazini ni kama moshi wa jikoni: ukiuona ujue ndani kuna moto na kuna mtu anapika. Ukitaka moshi bila moto utachoma majani mabichi, na wote mtatoka machozi.

Nisije nikafahamika kwamba kila kicheko cha kwetu ni kizuri. Kuna kijana mmoja, jina lake nitalihifadhi, aliyeanza kuvua akiwa na miaka kumi na saba. Siku zake tatu za mwanzo nyavu zilitoka na maji. Usiku wa tatu mtu mmoja akamtania kwamba amepanda na mkosi mfukoni, mtumbwi mzima ukacheka, naye akacheka. Kufikia mwisho wa wiki jina lake mwaloni lilikuwa Mkosi. Mwanzoni lilikuwa utani kweli. Waliomwita hivyo ndio waliomgawia sigara na muhogo wa kuchoma. Lakini jina hutembea likiwa peke yake, bila kicheko kilichokuja nalo. Mwezi uliofuata tajiri mwingine alimkataa, kwa upole, akisema watu wake hawako tayari. Wa pili akakataa bila upole. Siku hizi anachemsha na kukamua mawese, mbali kidogo na maji, kwa ujira mdogo kuliko fungu la mvuvi. Akipita sokoni kina mama wanaouza ndagala bado wanamwita Mkosi, na anaitika. Anacheka pia. Kicheko chake nimekisikia mara nyingi, na hakifanani na cha wanaomwita.

Wanaosema Uislamu haujui habari ya fikra njema wasome mlango wa fali katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w) alikataza kuamini nuksi, akasema kinachompendeza ni fali, na alipoulizwa fali ni nini akaeleza kuwa ni neno jema ambalo mtu hulisikia. Tazama alivyoyaweka pamoja. Nuksi ni neno linalomfunga mtu miguu kabla hajatembea, na fali ni neno linalomfungulia. Kwa hiyo fikra njema, kwa maana ya hadithi hii, ni jambo linalotoka kinywani mwa mtu mmoja likaingia sikioni mwa mwingine. Vitabu vya wenzetu vinamwambia mfanyakazi ajisemeshe mwenyewe mbele ya kioo. Sunna inaanza na sisi tuliomzunguka: tunamwitaje? Ju'ayl hakuambiwa ajione bora akiwa na jina lile lile. Waliokuwa naye walilibadilisha, wakaliimba.

Na handaki lile lile lina upande wa pili. Waqidi amesimulia kwamba Zayd bin Thabit (r.a), kijana wa miaka kama 15 wakati huo, alishikwa na usingizi kwa uchovu, na mwenzake akamchukulia silaha zake kwa utani bila yeye kujua. Zayd alipoamka alifadhaika. Mtume alimtania kwa kumwita baba wa usingizi, kisha akakataza Muislamu kutishwa na vitu vyake kuchukuliwa, iwe kweli au mchezo. Katika Abu Dawud kuna kisa kinachofanana nacho, cha mtu aliyelala safarini na wenzake wakamchukulia kamba, kikiishia na katazo hilo hilo la kumtisha Muislamu. Siku chache za kazi moja, na humo humo tumepata wimbo, utani, na mpaka wa utani.

Mpaka wenyewe si mgumu kuujua. Zahir (r.a) alikuwa mtu wa jangwani asiye na sura ya kuvutia. Siku moja alikuwa sokoni akiuza bidhaa zake, yaani alikuwa kazini, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia asimwone, akauliza kwa sauti nani atamnunua mtumwa huyu. Zahir alipomtambua akasema basi utaniona ni bidhaa isiyo na soko. Hapo Mtume akamjibu kwamba mbele ya Allah yeye si wa bei ndogo (Tirmidhi katika Shamail, na Ahmad). Utani ulianza na mtu anayejiona hafai ukamwacha ana thamani. Suhayb (r.a) naye alikuwa anakula tende huku jicho linamuuma, Mtume alipomuuliza, akajibu kwamba anatafunia upande mwingine, na Mtume akatabasamu (Ibn Majah). Huyo ni mdogo aliyemtania mkubwa, na mkubwa akapokea. Naona hiki ni kipimo kizuri cha mahali popote pa kazi: utani unaweza kupanda juu, au unashuka tu? Katika mtumbwi wa yule mzee unapanda na kushuka kama maji ya ziwa. Kuna sehemu nyingine mkubwa ndiye anayetania, na kazi ya waliobaki ni kucheka kwa wakati.

Likizo ya mwaka jana nilifanya mafunzo kazini, sisi Burundi tunaita staji, katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ukutani palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: HAPA TUNATABASAMU. Kila Ijumaa saa kumi kulikuwa na saa ya furaha. Fanta ililetwa, muziki ukawekwa, na kila mtu alitakiwa aeleze jambo moja zuri lililompata wiki ile. Wazo lenyewe sikulichukia. Tatizo ni kwamba mshahara ulikuwa nyuma miezi miwili. Ijumaa moja ilipofika zamu ya mama anayefanya usafi, alisema hana neno. Mkubwa akamwambia kwa bashasha, mama, tabasamu, sisi hapa ni familia. Watu wakacheka, muziki ukapunguzwa ili asikike, na yule mama akatabasamu. Watoto wake wawili walikuwa wamerudishwa kutoka shule kwa ajili ya ada. Nilijua mimi, na nadhani nusu ya chumba walijua.

Swali langu la fikihi linaanzia kwenye tabasamu lile. Lilikuwa la nani, na lilichukuliwaje?

Sote tumehifadhi kwamba kumtabasamia ndugu yako ni sadaka (Tirmidhi), na kwamba tusilidharau jema lolote, hata kukutana na ndugu kwa uso mkunjufu (Muslim). Mabango mengi ya kazini siku hizi yanaitumia hadithi ya kwanza. Lakini wanaoibandika wameisoma nusu. Tabasamu likiwa sadaka, basi lina hukumu za sadaka, na hukumu ya kwanza ni ridhaa ya mtoaji. Sadaka haina mtoza. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wana kauli mashuhuri kuhusu mtu anayeombwa hadharani akatoa kwa kuona aibu tu: kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu kwa anayekichukua. Wao walikuwa wakizungumzia dirhamu. Sioni sababu ya uso wa mtu kuwa na heshima ndogo kuliko dirhamu zake. Yule mama alinyang'anywa kitu mbele ya watu thelathini, tena kwa upanga ule ule.

Kuna hoja ya pili, na hii ni ya mlango wa ijara, mlango ambao sisi wanafunzi huusoma usiku wa kuamkia mtihani. Katika mkataba wa kuajiriwa, manfaa yanayouzwa sharti yajulikane, na sharti yawezekane kukabidhiwa. Huwezi kumwajiri kipofu alinde kwa macho. Je, furaha ya moyo inaweza kukabidhiwa? Mtume (s.a.w), alipokuwa akigawa zamu kwa uadilifu baina ya wake zake, alimwomba Allah asimlaumu kwa kile asichokimiliki, na wanazuoni wakafasiri kuwa ni mwelekeo wa moyo (Abu Dawud). Ikiwa yeye alisema hivyo kuhusu moyo wake, karani wa ofisi atasaini vipi karatasi ya kuukabidhi wake?

Najua mtu ataniuliza: basi muuguzi amnunie mgonjwa? Mwenye duka amtolee mteja macho? Hapana. Kuna adabu na kuna furaha, na watu huvichanganya. Adabu ni kitendo: kusalimu, kusikiliza, kutokaripia, kusema samahani. Kitendo kinajulikana na kinakabidhika, kwa hiyo kinaweza kuingia katika mkataba, na asiyekitenda ana hatia. Muuguzi anadaiwa upole. Hadaiwi kuwa na raha. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu kuhusu wahudumu wa ndege waliofundishwa wasitabasamu kwa midomo tu bali wahisi kweli wanachokionyesha. Baadhi yao walimweleza kwamba baada ya safari ndefu hawakuweza kuliondoa tabasamu usoni, kana kwamba si lao. Fakihi wa Kishafi angesema mkataba umeuza kisichouzika.

Wala jambo hili halikuanza na kampuni za kisasa. Ukisimama Rumonge jioni isiyo na ukungu unaiona milima ya Ubwari ng'ambo, upande wa Kongo. Nchi ile iliitwa Zaire tangu 1971 hadi 1997, na watu wazima wa upande ule wanalikumbuka neno animasio. Wafanyakazi wa serikali, wa kampuni, na wanafunzi walipangwa kwa makundi kuimba na kucheza wakimsifu Mobutu na chama chake cha MPR. Nguo zilishonwa sare, hatua zilifanyiwa mazoezi, na picha za televisheni zilionyesha nchi yenye furaha kuliko zote. Wakati huo huo bei zilikuwa zikiila mishahara mpaka mfupa. Ukiyaweka mambo haya kando ya wapiga kasia wa Burton, wote waliimba, wote walicheza. Tofauti ni nani angeweza kunyamaza. Mpiga kasia alinyamaza alipoogopa. Mchezaji wa animasio aliogopa, kwa hiyo hakuweza kunyamaza.

Hapa ndipo ninapowarudia ndugu wa upande wa pili, wale wa meza za mpira. Mimi sina ugomvi na meza ya mpira, na nikipata kazi penye meza nitacheza. Ninachosema ni kwamba mpangilio una mwanzo wake. Abu Dharr (r.a) alifundishwa kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula, tusiwabebeshe wasichokiweza, na tukiwabebesha tuwasaidie (Bukhari). Mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka (Ibn Majah). Hayo ni madeni. Fanta ya Ijumaa ni hisani. Mtu mwenye deni anayekimbilia hisani kabla hajalipa, wanazuoni hawamsifu kwa ukarimu wake. Tajiri wa Rumonge anayeimbwa kuwa bahili anaweza kucheka kwa sababu samaki wamegawanywa. Na Mtume aliitikia wimbo wa handaki akiwa na jiwe tumboni kama wao. Nina shaka kama wimbo ule ungeimbika lau aliyeuanzisha angekuwa kivulini.

Linabaki swali gumu zaidi, ambalo dada mmoja wa chama chetu aliniuliza niliposoma rasimu hii. Alisema: haya, mwajiri ni dhalimu, mshahara haujaja. Je, mimi ninune mpaka alipe? Siku zangu za ujana ziishe nimekunja uso kwa sababu ya mtu mwingine?

Nimelifikiria sana. Nadhani aliyelijibu ni Nabii Yusuf (a.s). Alikuwa gerezani bila kosa. Wafungwa wawili waliomwendea watafsiriwe ndoto walimwambia kwamba wanamwona ni katika watu wema (12:36). Mtu mwenye uchungu ulioharibika hasemwi hivyo na wafungwa wenzake. Bila shaka walikuwa wamekwishaonja upole wake. Kwa hiyo uso wake mkunjufu hakuuzuia mpaka haki ipatikane. Aliutoa pale pale kwenye dhuluma, lakini angalia aliutoa kwa nani: kwa waliofungwa pamoja naye. Ni sadaka, na maskini anaruhusiwa kutoa sadaka. Hata yule mama wa usafi, asubuhi kabla wakubwa hawajafika, alikuwa akitutania sisi wa staji kwamba viatu vyetu vinamletea matope ya nchi nzima. Hakuna aliyemwagiza.

Na Yusuf hakuuacha uso huo mkunjufu ukawa risiti ya deni lake. Alimwambia yule atakayeachiwa amtaje kwa bwana wake. Mtu yule akasahau, na miaka ikapita. Mfalme alipomhitaji hatimaye, akatuma mjumbe atolewe, mlango ukawa wazi. Yusuf hakutoka. Alimrudisha mjumbe kwa mfalme, kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono (12:50).